Alama za Meno Kwenye Mkanda

Asubuhi niliyoacha chuo sikuwa nimepanga kuacha chuo. Niliamka bwenini pamoja na wenzangu, nikakunja shuka, nikanywa uji. Mjini Ifakara kulikuwa na habari kwamba kule Chita imeshushwa kwenye behewa mashine kubwa ya kuvuna mpunga, inayokata, kupura na kupepeta kwa pamoja, na mimi sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nikasema naenda kuitazama, kesho nitarudi. Nilipofika ilikuwa imeshaharibika. Nikakaa kuona inavyotengenezwa. Jirani na pale kulikuwa na mashine ya kukoboa iliyogoma, nikaitwa nishike taa. Baada ya hiyo kukawa na nyingine Mngeta. Kesho ile ya kurudi chuoni haijafika mpaka leo.

Ninyi mafundi vijana wa Viwanja Sitini, hapa Ifakara, mmeniomba niandike kazi yangu ilivyokuwa, kwa kuwa sasa nimetundika spana. Msitegemee habari za vyeo. Fundi wa kuzunguka hana cheo. Akifika anaitwa fundi, akichelewa anaitwa majina mengine. Nitaandika kuhusu mashine kidogo, na zaidi kuhusu wale niliosoma nao mwaka ule mmoja, kwa sababu nikiangalia nyuma naona nusu ya kazi yangu ilikuwa kujua wako wapi.

Mwalimu wangu wa kwanza nje ya chuo alikuwa Bi Sikudhani, mwendeshaji wa mashine ya kukoboa pale Mbingu. Siku ya kwanza nilifika na mfuko wa spana, nikapiga magoti mbele ya mashine nianze kufungua rola za mpira, maana wateja walilalamika kwamba mchele unatoka chenga tupu. Bi Sikudhani akaniwekea kiganja cha mpunga mbele ya uso.

"Uma."

"Shikamoo, mama. Mimi ni fundi."

"Marahaba. Hata fundi ana meno. Uma."

Nikauma punje. Ikavunjika kama kioo. Akaniambia mpunga huo ulianikwa juu ya turubai kwenye jua kali, ukakauka haraka, ukapasuka ndani kwa ndani kabla haujafika kwenye mashine. "Sasa fungua rola zako," akasema, "ukimaliza uzifunge vilevile, halafu mwambie mwenye mpunga aanike asubuhi na jioni, mchana aufunike." Tangu hapo, kabla ya kugusa bolti yoyote, nilikuwa nauma punje. Nanyi umeni. Mashine husingiziwa mambo mengi.

Sasa wenzangu. Darasa letu lilikuwa la ufundi wa mitambo, watoto wa kila namna. Walikuwepo Wandamba na Wapogoro wa hapa bondeni, Wasukuma wachache ambao wazazi wao walikuja na ng'ombe, na watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa ambao baba zao walitoka kila pembe ya nchi. Alikuwepo Hamisi, ambaye ukoo wao ulitoka Pwani na duka lao lilikuwa karibu na soko. Na alikuwepo Fidelis.

Baba yake Fidelis alikuwa Mngoni kutoka Songea, mkata miwa. Alifariki Fidelis akiwa mdogo, na mama yake, Mndamba, akarudi kwao Kivukoni, nje kidogo ya mji, akabanika samaki na kuwauza. Ni samaki hao waliompeleka Fidelis chuoni. Alilelewa katika moshi wa vichanja, akatoka na kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa ila tabia: kikohozi kifupi, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Kabla hajaingia karakana tulikuwa tunajua anakuja. Mwalimu Gaspari, aliyetufundisha, alikuwa akisema bila kuinua kichwa, "Karibu, Fidelis, mlango uko wazi."

Mimi ni Mpogoro, yeye Mngoni, kwa hiyo tulikuwa watani. Kwa wale waliozaliwa juzi nieleze: mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, kuchukua chakula kwenye sahani yako, na kukutangazia kifo ungali unakula. Lakini ukifa kweli, yeye ndiye anayechimba, anayepika, anayewachekesha wafiwa wasivunjike. Kila asubuhi Fidelis alinisalimia, "Mpogoro, bado hujafa?" Nami nilijibu, "Nakusubiri wewe, nile wali wako wa msibani."

Mwalimu Gaspari alitufundisha kushona mkanda. Wakati ule mashine nyingi zilikuwa na mkanda bapa, mpana, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye puli ya mashine. Ukikatika unauunganisha kwa kamba nyembamba ya ngozi, unatoboa matundu pande zote mbili, unapitisha kwa kukatisha, na fundo unaliweka katikati. Sote tuliweka fundo katikati. Fidelis hakuweka fundo kabisa. Alirudisha ncha ya kamba chini ya mishono, akaitokeza kwenye ukingo wa kulia, akaikata hapohapo. Mwalimu alimuuliza nani amemfundisha. Akasema hakuna, ila fundo hugonga puli kila mzunguko na yeye hapendi kusikia kitu kinagongwa. Mwalimu akaugeuza ule mkanda, akautazama sana, kisha akasema tuendelee na fundo katikati, isipokuwa Fidelis.

Nilipoondoka kwenda kutazama mashine Chita, wao walibaki wakamaliza. Wakatawanyika. Mmoja akaenda kwenye bwawa la umeme, mmoja akawa mwalimu Dodoma, mmoja akaacha spana akawa mchungaji. Wengine walitulia hapa bondeni. Na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mahali pake, na mimi peke yangu sikuwa na mahali, ikawa mimi ndiye ninayepita. Sikuchaguliwa na mtu. Nilipita Mngeta kutengeneza mashine, mke wa mwenzetu akaniambia wamepata mtoto. Nilipofika Mlimba nikamwambia mwenzetu wa Mlimba, naye akanipa salamu za kupeleka Ifakara. Simu hazikuwepo. Barua zilikuwepo, ila fundi na barua ni kama paka na maji. Basi darasa lile, ambalo mimi sikulimaliza, likawa linaishi kwenye mdomo wangu.

Nilijifunza jambo katika kubeba habari. Habari njema ukiichelewesha hakuna ubaya, inazidi kuiva. Habari ya msiba usiilaze. Na habari ya mtu aliyeshindwa, aliyeachwa na mke au aliyefukuzwa kazi, usiibebe kabisa. Mwache aibebe mwenyewe, na akikukabidhi, ipeleke kwa yule tu aliyekutajia.

Kulikuwa pia na habari ambazo hakuna aliyenipa. Mara nyingine nilifungua mashine kijiji nisichokijua, nikaona mkanda umeshonwa bila fundo, ncha imetokeza ukingo wa kulia, nikacheka peke yangu. Fidelis kapita hapa. Kila fundi ana mkono wake, kama mwandiko. Miezi mingine sikumwona kwa macho lakini nilijua yuko Lupiro, yuko Malinyi, ana haraka, ametulia. Mshono wa mtu mwenye furaha unakazwa sawasawa kila tundu. Angalieni mishono yenu mtaona.

Kila nilipovuka mto nilipita kwa mama yake. Wakati ule kulikuwa na kivuko, na ukisubiri pantoni pale Kivukoni unaweza kusubiri mpaka uzee. Mama alikuwa na kichanja chake karibu na gati, kambale na perege wamepangwa juu ya moshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Longino. Umemwona mwanangu?"

"Yuko Malinyi. Mzima kabisa."

"Umemwona, au umeona kazi yake?"

"Kazi yake, mama."

"Haya. Hiyo nayo ni yeye." Akanipa samaki wa njiani.

Halafu ukaja mwaka ule. Nilikuwa Mngeta nikasikia kwamba fundi mmoja amekamatwa na mkanda upande wa Malinyi. Mkanda hauchagui. Injini ilikuwa inazunguka, alinyoosha mkono kuutuliza mkanda unaotoka kwenye puli, shati likashikwa, mkono ukafuata. Nitasema hapa kile ninachowaambia kila siku: zima injini kwanza, hata kama mwenye mashine anakufokea, hata kama foleni ya wateja imefika barabarani. Mkono wa shati kunja juu ya kiwiko. Aliyeumia alijua hayo yote kuliko mimi.

Alikuwa Fidelis. Mimi na Hamisi tulikwenda hospitali. Tulipofika wodini, kwenye kitanda tulichoelekezwa kulikuwa na mgonjwa mwingine. Muuguzi akatuambia yule bwana wa mkono ameondoka jana yake, jeraha halijafunga vizuri, na hakuaga. Vidole vya mkono wa kulia havikuokolewa, kimebaki kidole gumba tu. Hamisi alikuwa ameshika chupa ya soda na mkate. Akaviweka kwenye kitanda cha yule mgonjwa mwingine, tukatoka.

Baada ya hapo Fidelis hakuonekana. Wengine walisema kaenda kwao baba yake Songea. Ndugu wa Songea wakasema hawajamwona. Wengine walisema mto umemchukua. Mimi niliacha kuangalia mishono. Niliona mkono umekwisha, basi na mwandiko umekwisha.

Mama yake hakuacha. Kila nikipita, "Umemwona?" Mara moja nilimwambia kuna mtu Malinyi anafanana naye. Nilikuwa nimeambiwa na watu, sikuwa nimemwona. Alifunga samaki kwenye khanga akaenda. Alirudi na samaki wale wale. Sikumwambia tena habari ambayo sikuiona kwa macho.

Daraja lilipojengwa, magari yakaanza kupita Kivukoni bila kusimama. Watu walishangilia, hata mimi nilishangilia, nimelala pale gatini mara nyingi mno. Lakini mama yule alikuwa anapata habari za dunia kutoka kwa watu wanaosubiri pantoni, na sasa hakuna anayesubiri. Niliendelea kumwambia kondakta, "Shusha Kivukoni." Kondakta aliniuliza, "Mzee, pale kuna nini siku hizi?" Nilimwambia kuna samaki.

Simu nazo zikaja. Hamisi, ambaye sasa ana duka la vipuri, aliunda kundi la darasa kwenye simu yake, na kazi yangu ya kubeba salamu ikaisha bila hata sherehe ya kuniaga. Kwenye kundi tunaona picha za mahafali ya watoto, nyumba zilizopauliwa, mtu amesimama kando ya gari. Sina neno baya. Ila kwenye kundi sijawahi kuona mtu aliyeshindwa. Kila mtu anasema, "Tupo, tunapambana." Zamani nilipokuwa ninafika mwenyewe mlangoni niliona sufuria iko jikoni au haipo.

Jambo moja tulilolihifadhi ni misa ya Novemba. Mwezi ule kanisani wanaombewa marehemu, na darasa letu linapeleka majina ya wenzetu waliotangulia, padri anayasoma. Hamisi ni Mwislamu. Hukaa kwenye benchi la nje, na kila jina likisomwa yeye anainua viganja vyake na kusoma dua yake. Kisha tunakula pilau kwake. Kila mwaka swali lilikuwa lilelile: jina la Fidelis lisomwe au lisisomwe? Na kila mwaka mama yake alijibu kwa kifupi: "Mwanangu hajafa. Ukimsomea mtu aliye hai unamfungia njia." Nasi tukaliacha.

Mimi nilistaafu kwa sababu ya masikio. Maisha yote nimeweka sikio kwenye mashine ili nisikie beringi inayoanza kulia, na mashine ikalichukua sikio kama ada. Siku niliyofunga mfuniko nikasema iko sawa, na mwendeshaji akaniambia, "Mzee, inapiga kelele kama fisi," nilijua nimemaliza. Sauti nene bado nazisikia, mtu akipaza nasikia. Akinong'ona naona midomo tu. Vijana, wekeni pamba masikioni. Nimewaambia, mnacheka.

Baada ya mavuno ya mwaka huu nilikwenda Kivukoni, sikuwa na safari, nilikwenda tu. Mama amezeeka, haendi tena kwenye kichanja. Alinikaribisha kwenye kigoda, tukakaa. Hakuuliza "umemwona". Nilisubiri aulize. Mwishowe akapaza sauti, maana anajua masikio yangu:

"Longino, Novemba hii msomeeni."

"Mama?"

"Nimechoka kumwachia mlango wazi. Baridi inaingia. Msomeeni, nami nije kanisani niitikie, nikalale." Akageuza uso. "Na wewe ni mtani wake. Kazi yako unaijua."

Kazi yangu niliijua. Lakini mtani huchimba kaburi la mtu, hachimbi kaburi la jina. Nilirudi mjini nikiwa mzito.

Nilikuwa na mazoea ya kukaa dukani kwa Hamisi, nikinywa kahawa yake na kuwasumbua wateja. Siku moja akaletewa kifurushi na basi la Mlimba. Mtu wa huko alinunua mashine kuukuu ya kusaga mahindi, akataka mkanda mpya, na kama kawaida akatuma ule wa zamani uwe kipimo. Hamisi akaufungua juu ya meza. Mkanda bapa, aina ambayo haipatikani tena kirahisi.

"Huu ni wa enzi za Mwalimu Gaspari," akasema. "Utazame, wewe mtu wa makumbusho."

Nikauchukua. Palikuwa na kiungo kimoja. Kamba ya ngozi, imekatishwa, hakuna fundo. Ncha imerudishwa chini ya mishono na kutokezea ukingoni. Lakini ukingo wa kushoto, na mishono yote imelala upande ambao haikupaswa kulala, kama ninautazama kwenye kioo. Kwanza nilidhani nimeshika mkanda kinyume. Nikaugeuza. Hapana. Nikasema labda kuna mtu alimwiga. Halafu nikaona kwenye ile kamba vishimo vidogo vidogo, viwili viwili, kila baada ya tundu. Nikapitisha kidole.

"Hamisi, hizi ni nini?"

Akavaa miwani. Akauinamia mkanda. "Kama panya."

"Panya angeikata. Hizi ni alama za meno. Huyu ameshona kwa mkono wa kushoto, na mkono wa pili wa kuvuta kamba hana. Amevuta kwa meno."

Hamisi akavua miwani, akakaa. Kisha akampigia mteja wake wa Mlimba, akaweka spika. "Bwana, mashine yako uliinunua wapi?" Yule bwana akapaza sauti: Uchindile, kule juu milimani, kwa mtu aliyepata mpya.

Uchindile. Sijawahi kufika Uchindile. Nimekanyaga kila kijiji cha bonde hili chenye mpunga, na Uchindile hakuna mpunga. Ni baridi, mahindi na misitu ya mbao. Sikuwahi kuwa na sababu ya kupanda. Nikaelewa kwamba mtu anayetaka kujificha asionwe na mafundi wa mpunga angepanda hadi pale mpunga unapokoma.

"Usimwambie mama," Hamisi akasema. "Mpaka uone kwa macho."

"Naijua sheria hiyo."

"Na vaa sweta."

Sikusema ninaondoka lini. Niliamka tu asubuhi moja kama ile ya chuoni, nikanywa uji, nikapanda basi la Mlimba. Sikujua nitalala wapi wala nitasema nini. Mlimba nikapata lori la mbao lililokuwa likipanda tupu. Barabara inapanda kwa kujikunja, bonde likabaki chini, limetandazwa, na mto ndani yake kama uzi. Nilikuwa nimeliona kwa miaka yote kutoka chini. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, aliongea kwa kunifokea baada ya kugundua masikio yangu.

"Mzee, unaenda kwa nani?"

"Sijui bado."

"Basi wewe ni wa usalama au wa kanisa."

"Wa mashine. Kuna mashine ya kusaga huko?"

"Ya Kushoto! Ndiyo yenyewe. Huyo mzee anatengeneza kila kitu kwa mkono mmoja, hata redio yangu."

"Jina lake nani?"

"Si nimekwambia? Kushoto."

Tulifika jua likielekea kuzama. Baridi ilinishika mbavu. Niliuliza nyumba ya wageni, nikaoneshwa mama mmoja anayefagia mbele ya jengo lenye vyumba vichache.

"Karibu, baba. Lakini vimejaa. Wasimamizi wa mitihani wamefika leo."

"Mahali pengine?"

"Hapa? Labda kwa Kushoto. Ana stoo nyuma ya mashine, huwa anawalaza wageni. Nenda kabla hajafunga."

Mashine ilikuwa imezimwa. Wanawake wawili walikuwa wanafunga ndoo zao za unga. Mwanamume mwenye koti refu alikuwa amewapa mgongo, anafuta puli kwa kitambaa, mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni. Nywele nyeupe. Nikaangalia mkanda wake mpya. Kiungo chake kilikuwa safi, sawasawa kila tundu.

Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimebeba maneno mengi tangu Mlimba, yakapotea yote. Likabaki lile la zamani.

"Mngoni," nikasema, "bado hujafa?"

Kitambaa kikasimama. Hakugeuka haraka. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa mzee nisiyemjua, kisha ukawa wake.

"Mpogoro," akasema, kwa sauti niliyoiona zaidi kuliko kuisikia. "Nani kakuonesha njia? Huku hakuna wali wa msibani."

"Nimekuja kuzika. Novemba jina lako linasomwa. Nimeambiwa nichimbe, nikasema siwezi kuchimba bila kuona maiti. Nioneshe."

Wale wanawake walitazamana, ndoo kichwani. Mmoja akasema, "Kushoto, huyu ni nani anayekuapiza hivi?"

"Mtani wangu," akajibu. "Mwacheni. Ana haki."

Walipoondoka akakaa juu ya gunia, nami juu ya jingine. Alizungumza kwa nguvu ili nisikie. Alisema hakutaka kutuona tukija wodini na soda na pole. Hata hayo, alisema, angeyavumilia. "Lakini mama. Alibanika samaki ili mkono huu usikate miwa. Angeniuliza uko wapi, ningemwonesha nini? Nikasema nikipata kazi ya kueleweka nitashuka. Kila mwaka nikasema baada ya mavuno." Akatazama puli. "Nikafikiri ameshanizoea sipo."

"Hajazoea. Amechoka. Ni tofauti."

"Amesema lisomwe? Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kasema amechoka kukuachia mlango wazi."

Akainama. Mtu mwingine angemgusa bega. Ndugu angelia naye. Mimi ni mtani, nikafanya kazi yangu. "Simama," nikamwambia, "maiti haikai juu ya unga wa watu. Mtandao uko wapi?"

Ulikuwa kwenye jiwe, nyuma ya stoo. Nikampigia mama kwenye kitochi chake, nikaweka spika, nikaisogeza sikioni hata hivyo.

"Shikamoo, mama. Ni Longino."

"Marahaba! Mbona upepo? Uko wapi?"

"Uchindile, mama. Niko na Fidelis."

Akasema kwa nguvu: "Longino, mimi ni mzee. Usinichezee."

"Sichezi."

"Uliniambia Malinyi."

"Malinyi niliambiwa. Huyu ninamwona."

"Mpe simu."

Nikamnyooshea. Akarudi nyuma, akatikisa kichwa, mkono wa kulia ukazama zaidi mfukoni.

"Hawezi kuongea, mama."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ana aibu."

Upepo ukapita. "Basi asiongee," mama akasema. "Akohoe."

Nikageuza simu kuelekea kwake. Fidelis alikuwa amesikia. Alisimama kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Akapeleka ngumi ya kushoto mdomoni. Mimi sikusikia kitu. Niliona tu mabega yakiruka mara mbili.

Kwenye simu sauti ya mama ilishuka, ikawa ndogo, ikanipita. Sijui alisema nini, na sijauliza mpaka leo. Niliinyoosha simu tena. Safari hii akatoa mkono wa kulia mfukoni, ule wenye kidole gumba tu, akauunganisha na wa kushoto, akaipokea simu kwa mikono yote miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa mzazi.

Nikawaacha. Stoo ilikuwa na harufu ya pumba za mahindi, mkeka umesimamishwa ukutani, blanketi limekunjwa vizuri. Nikautandaza, nikavua viatu, nikakaa kumsubiri mwenye nyumba aje anitukane.